Waya mmoja, saa mbili na robo: mwongozo kamili wa kuhamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili za nyumbani

Binamu yangu anapiga video za harusi Tanga. Aliponunua laptopu mpya, ile ya zamani ilikuwa na GB 612 za kazi zake: send-off, ndoa, maulidi, mahafali. Akanipigia saa tatu usiku. "Kaka, flashi inakataa. Ina nafasi tele, lakini inasema faili ni kubwa mno."

Alikuwa na flashi ya GB 64 na mpango wa kwenda na kurudi nayo kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Hata ingekubali, GB 64 zilizoandikwa kwenye boksi huonekana kama 59 hivi kwenye Windows, kwa hiyo angefanya safari 11, na kila faili lingeandikwa mara mbili: kwanza kwenye flashi, kisha kwenye laptopu mpya. Nilimwambia aiweke pembeni, alale, asifute kitu. Kesho yake tulitumia waya wa mtandao wa mita mbili, tukamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ninaeleza hapa tulichofanya, kwa mpangilio ule ule. Kompyuta nyingi kwetu zimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nayaandika kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Piga hesabu kabla ya kugusa chochote

Wauza vifaa vya mtandao hupima kasi kwa megabiti. Windows hukuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kifaa cha megabiti 100 kwa sekunde hakiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5, na kwa kweli utaona 11 hivi. Wengi hukwama hapa wakidhani kompyuta ina ugonjwa, kumbe inafanya kazi kwa uwezo wake wote.

Kwa GB 612 za binamu yangu, hesabu ilikaa hivi:

Kwa mtandao wa megabiti 100, MB 11 kwa sekunde: karibu saa 16.
Kwa diski ya nje kwenye tundu la USB 2.0, MB 30 hivi kwa sekunde: karibu saa 6 kuingiza na saa 6 nyingine kutoa.
Kwa waya wa gigabiti moja, MB 110 kwa sekunde: saa 1 na dakika 35.

Sisi tulitumia saa mbili na robo, kwa sababu laptopu ya zamani ina diski ya kuzunguka ambayo haikuweza kusoma zaidi ya MB 80 kwa sekunde. Kasi ya safari nzima ni kasi ya kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukilijua hilo hutapoteza pesa kununua waya wa bei mbaya wakati diski yako ndiyo inayochelewesha.

Na intaneti? Usipandishe mafaili ya ukubwa huu kwenye hifadhi ya mtandaoni ili uyashushe tena kwenye meza ile ile. Utalipa bando mara mbili, na kasi ya kupandisha majumbani kwa kawaida iko chini kuliko ya kushusha. Waya ninaousema hapa hautumii bando hata baiti moja.

Kwa nini flashi ilikataa

Ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, yaani mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na mfumo huo hauwezi kushika faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi ni tupu. Video ya ndoa ya saa mbili inapita hapo bila shida. Dawa ni kuiumbiza upya kwa exFAT: bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format", kisha "exFAT". Windows, Mac na Linux za miaka ya karibuni zote huisoma na kuiandika. NTFS nayo hushika mafaili makubwa, ila Mac huisoma tu bila kuweza kuiandika. Kuumbiza kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo toa vyako kwanza.

Tahadhari nyingine, na hii iliniuma mimi mwenyewe: ziko flashi zinazojitangaza kuwa na GB 512 au zaidi, zinauzwa kwa bei ya mteremko, na ndani zina GB 16 au 32 tu. Zinapokea mafaili yako bila kulalamika, majina yote yanaonekana, ukifungua video hazichezi. Nilipoteza picha za msiba kwa njia hiyo. Flashi yoyote mpya ijaribu kwanza kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Hizo huijaza flashi hadi ukingoni, kisha husoma kila kilichoandikwa na kukuambia ukweli.

Waya

Unahitaji waya mmoja wa mtandao wenye vichwa vya RJ45, yaani ule ule unaotoka kwenye ruta. Soma maandishi ya ubavuni mwake: Cat5e au Cat6 inatosha kabisa. Chomeka ncha moja kwenye kompyuta ya zamani na nyingine kwenye mpya. Huhitaji ruta wala swichi. Zamani mafundi walidai waya wa krosova kwa kazi hii, uliopishanishwa nyuzi. Kadi za mtandao za gigabiti hujirekebisha zenyewe, waya wa kawaida unafaa.

Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina tundu hilo. Nunua adapta ya USB ya kugeuza, lakini hakikisha boksi limeandikwa 10/100/1000 na uichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo kwenye kompyuta nyingi lina ulimi wa bluu. Adapta za bei ya chini sana huwa ni za 10/100, na hapo umerudi kwenye zile saa 16.

Ukishachomeka, fungua "Settings", "Network & internet", "Ethernet", utafute "Link speed". Unataka kuona 1000/1000. Ukiona 100/100 na vifaa vyote viwili ni vya gigabiti, kosa liko kwenye waya. Gigabiti hutumia nyuzi zote nane zilizomo ndani, megabiti 100 hutumia nne tu. Uzi mmoja kati ya zile nyuzi nne za ziada ukikatika au ukilegea kwenye kichwa, kompyuta hushuka kimya kimya hadi 100 na kuendelea na kazi. Waya wetu wa kwanza ulikuwa hivyo. Ulikuwa umelaliwa na mguu wa meza kwa miaka, na nilipoukunja karibu na kichwa namba ilikuwa ikiruka kati ya 1000 na 100. Tukachukua mwingine.

Zuia kompyuta zisisinzie

Chomeka laptopu zote mbili kwenye umeme. Kisha kwenye kila moja fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, yaani "Run as administrator", uandike:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Hiyo inazuia kompyuta kulala ikiwa kwenye chaja. Usifunge mfuniko. Umeme ukikatika, betri ya laptopu itakuvusha kwa muda. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo kama unayo UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, iweke hapo.

Zipe kompyuta anwani

Kompyuta mbili zilizounganishwa bila ruta hazina wa kuzigawia anwani. Windows hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, na mara nyingi hiyo inafanya kazi, lakini napenda kuziandika mwenyewe ili nijue nani ni nani.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, gonga Enter. Bonyeza "Ethernet" kwa kitufe cha kulia, "Properties", chagua "Internet Protocol Version 4", "Properties" tena, kisha "Use the following IP address". Kompyuta mpya ipe 192.168.50.1 na ya zamani 192.168.50.2. Kwenye "Subnet mask" weka 255.255.255.0 kwa zote mbili. "Default gateway" iache wazi. Kama ruta yako ya nyumbani nayo inatumia namba za 192.168.50, badilisha hiyo 50 iwe 77 au namba nyingine yoyote hadi 254.

Fungua mlango kwenye kompyuta mpya

Hatua hii ndiyo inayowashinda watu wengi, nami nakuomba uifuate bila kuruka. Yote yanafanyika kwenye kompyuta mpya, inayopokea.

Kwanza, Windows huuona mtandao huu wa waya kama mtandao wa hadharani na kufunga milango yote. Fungua PowerShell, dirisha lingine la amri la Windows, kama msimamizi, uandike:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Kama umetumia adapta, jina linaweza kuwa "Ethernet 2" au 3. Litazame kwenye lile dirisha la ncpa.cpl, uliandike vilevile.

Pili, nenda "Settings", "Network & internet", "Advanced network settings", "Advanced sharing settings", uwashe "File and printer sharing" chini ya "Private networks". Hiyo ni Windows 11. Kwenye Windows 10 sehemu hii iko ndani ya "Control Panel", "Network and Sharing Center".

Tatu, tengeneza mtumiaji wa muda. Watu hujaribu kuingia kwa ile PIN wanayofungulia laptopu, inakataa, wanakata tamaa. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta yenyewe tu, haipiti kwenye mtandao. Nakushauri pia usizime ulinzi wa nenosiri kama baadhi ya video zinavyofundisha, maana Windows 11 za karibuni hukataa wageni wasio na nenosiri. Mtumiaji mmoja wa muda anamaliza ugomvi wote. Kwenye "Command Prompt" ya msimamizi:

net user hamisha Mkwaju2468 /add

Nenosiri weka la kwako.

Nne, tengeneza folda iitwayo Mapokezi kwenye diski yenye nafasi, tuseme D:\Mapokezi. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia, "Properties", kichupo cha "Sharing", kitufe cha "Share". Andika hamisha, bonyeza "Add", badilisha ruhusa iwe "Read/Write", kisha "Share".

Sasa hamia kwenye kompyuta ya zamani. Fungua "Command Prompt" ya kawaida na ujaribu:

ping 192.168.50.1

Ukijibiwa, endelea:

net use \\192.168.50.1\Mapokezi /user:hamisha *

Itakuuliza nenosiri. Herufi hazitaonekana unapoziandika, hiyo ni kawaida. Ikikubali, mlango uko wazi. Ikikataa jina, andika /user:192.168.50.1\hamisha badala yake.

Nakili, usikate

Usitumie "Cut". Katika safari ndefu ya mafaili, kukata ni kuvunja daraja huku bado uko juu yake. Nakili, hakiki, halafu baadaye sana ndipo ufute.

Unaweza kuburuta folda kwa kipanya, na kwa mafaili matatu manne sina neno. Kwa mamia, tumia robocopy, amri ya kunakili mafaili. Imo ndani ya Windows tangu Vista, huhitaji kupakua. Uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika au waya ukichomoka, unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoishia. Kwenye kompyuta ya zamani:

robocopy "D:\Video" "\\192.168.50.1\Mapokezi\Video" /E /Z /R:3 /W:10 /TEE /LOG:"D:\hamisha.txt"

/E huchukua folda zote za ndani, hata tupu. /Z huwezesha faili lililokatikia njiani kuendelea badala ya kuanza upya. Hupunguza kasi kidogo, lakini kwa faili la GB 40 utaishukuru. /R:3 na /W:10 ni za lazima. Bila hizo, robocopy ikikutana na faili bovu hurudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Utaamka asubuhi uikute palepale. /LOG huandika kila kitu kwenye faili la maandishi, na /TEE hukuonyesha kwenye skrini wakati huohuo.

Kuna alama nyingine, /MIR, ambayo utaiona kwenye maelekezo ya watu wengi. Usiiguse kwa kazi hii. Inaifanya folda ya kupokelea ifanane kabisa na chanzo, ikiwa ni pamoja na kufuta chochote kilichokuwamo upande wa pili ambacho chanzoni hakipo. Ukikosea njia ya folda, imekula kwako.

Kama una picha ndogondogo maelfu kwa maelfu, utashangaa kasi ikishuka hadi MB 5. Waya haujaharibika, kila faili dogo lina kufunguliwa kwake, kuandikwa kwake na kufungwa kwake. Kwa folda za namna hiyo toa /Z na uweke /MT:16, ili mafaili 16 yaende kwa pamoja. Wala usihangaike kubana video kwa zip ukitegemea zitapungua. Video na picha za JPEG zimeshabanwa tayari. Utapoteza saa nzima uokoe asilimia moja au mbili.

Robocopy ikimaliza itakuletea jedwali. Angalia safu ya "FAILED". Inatakiwa iwe 0 kwenye kila mstari. Kisha rudia amri ile ile mara ya pili: safari hii kila kitu kiwe chini ya "Skipped" na "Copied" iwe 0.

Hakiki

Robocopy hutambua faili lililokwishafika kwa ukubwa na tarehe yake. Haifungui ndani kulinganisha. Faili linaweza kuwa na ukubwa sawasawa na bado likawa na kasoro katikati, hasa likitoka kwenye diski iliyochoka. Kwa video za harusi ambazo mwenye nazo hawezi kuoa tena ili zipigwe upya, hatua hii siiachi.

Kwenye kompyuta ya zamani, ndani ya PowerShell:

cd D:\Video
Get-ChildItem -Recurse -File | Get-FileHash | Sort-Object Hash | Select-Object -ExpandProperty Hash > C:\Users\Public\zamani.txt

Kwenye mpya, ingia D:\Mapokezi\Video na uandike mstari uleule, ila jina la mwisho liwe mpya.txt. Kila kompyuta itasoma mafaili yote na kuandika alama ya SHA256 ya kila moja, ambayo hubadilika kabisa hata biti moja ikibadilika. Itachukua muda, maana diski nzima inasomwa upya. Kisha leta zamani.txt kupitia folda ya Mapokezi, iweke kwenye C:\Users\Public ya kompyuta mpya, na uandike:

Compare-Object (Get-Content C:\Users\Public\zamani.txt) (Get-Content C:\Users\Public\mpya.txt)

Isipojibu chochote, yote ni sawa. Ikitoa mistari, kuna faili linalotofautiana. Kwetu lilitokea moja, video ya kitchen party ya GB 7. Tulifuta nakala yake kwenye mpya, tukarudia robocopy, likakubali. Folda zako zikiwa nyingi, hakiki moja moja, ili kosa likijitokeza usilitafute kwenye mafaili 2,000.

Kama mojawapo si Windows

Mac inaingia kwenye folda ileile: kwenye Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.50.1/Mapokezi, kisha jina hamisha na nenosiri lake. Kwenye Mac na Linux zenyewe kwa zenyewe, washa SSH, njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mtandao, upande unaopokea na utumie rsync, amri yao ya kunakili:

rsync -avh --partial --progress ~/Video/ hamisha@192.168.50.1:Video/

Ule mkwaju wa mwisho baada ya Video kwenye chanzo una maana. Ukiuweka, vilivyomo ndani ndivyo vinavyokwenda. Ukiuacha, folda yenyewe inakwenda na utajikuta na Video ndani ya Video.

Kama huna waya kabisa

Kwa GB chache tumia LocalSend, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux na simu, mradi vifaa vyote viko kwenye Waifai moja. Haihitaji akaunti wala bando. Chagua Waifai ya 5 GHz kama ruta inayo, ukae chumba kimoja nayo. Kumbuka tu kwamba kila faili linasafiri hewani mara mbili, kutoka kompyuta hadi ruta na kutoka ruta hadi kompyuta nyingine, kwa hiyo kasi inagawanyika.

Na kama laptopu ya zamani haiwaki, mara nyingi diski yake bado ni nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuiweka kwenye kava la USB, ukaichomeka kwenye mpya kama diski ya nje. Iwapo ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Utafute kabla ya kumlipa fundi.

Funga ulichofungua

Kwenye kompyuta mpya, ondoa kushirikisha kwa folda ya Mapokezi, kisha umfute mtumiaji wa muda:

net user hamisha /delete

Rudisha muda wa kusinzia kwenye "Settings". Binamu yangu diski ya zamani hakuifuta. Aliiacha mwezi mzima huku akifungua kazi moja baada ya nyingine kwenye laptopu mpya. Mwishowe rudi ncpa.cpl kwenye kompyuta zote mbili na uchague "Obtain an IP address automatically". Ukisahau hilo, siku utakayochomeka waya wa ruta hutapata intaneti, na utamwita fundi bure kwa kitu ulichokiandika kwa mkono wako.